Ulaini Si Uzima: Hatari za Kulainisha kwa Kemikali Matairi Makuukuu ya Pikipiki, kwa Kuangalia Mwambao wa Kismayo na Visiwa vya Bajuni

Ikisiri

Tairi la pikipiki linapozeeka hukauka, hugumuka na kufanya nyufa ndogondogo. Kwa kuwa tairi jipya ni ghali, wako wanaolipaka au kulilowesha tairi kuukuu kwa petroli, mafuta ya taa, thina au vimiminika vilivyotengenezwa mahususi, ili lilegee tena. Makala haya yanafafanua kwa nini ulaini unaopatikana kwa njia hiyo si uzima wa tairi. Hoja kuu ni kwamba kemikali hurejesha kile kinachohisiwa na kidole, lakini hairejeshi kile kinachobeba uzito. Na mara nyingi hupunguza hata nguvu iliyokuwa imebaki. Makala yanaanza na maumbile ya tairi na sababu za kuzeeka kwake, yanaeleza kazi ya kemikali ndani ya mpira, kisha yanabainisha hatari kwa msafiri, kwa fundi na kwa mazingira ya pwani, hususan mwambao wa Kismayo na visiwa vya Bajuni, kikiwamo kisiwa cha Ngumi. Mwisho yanatoa mapendekezo ya kisera yanayozingatia uanachama wa Somalia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Katika miongo miwili iliyopita pikipiki imegeuka kuwa chombo kikuu cha usafiri wa watu wa kipato cha chini katika Afrika Mashariki. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na bei yake ikawa karibu zaidi na uwezo wa kijana wa kawaida. Tanzania, Uganda na mashariki ya Kongo zilipita njia kama hiyo, kila moja kwa namna yake. Katika miji ya Somalia, Kismayo ikiwamo, pikipiki hukaa barabarani pamoja na bajaji za magurudumu matatu, ambazo nazo hutumia matairi madogo yanayokaribiana na yale ya pikipiki.

Wakati idadi ya vyombo ikipanda, uzalishaji wa matairi ndani ya kanda ulishuka. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, na kiwanda cha Sameer Africa cha Nairobi, kilichorithi kazi ya Firestone, kilisitisha uzalishaji mwaka 2016. Kwa hiyo sehemu kubwa ya matairi hufika kwa meli kutoka mbali, hupita bandarini, hukaa ghalani na kuning'inia juani mbele ya maduka kabla ya kufungwa kwenye rimu. Tairi linaweza kuitwa jipya siku ya kuuzwa ilhali limekwisha kula miaka kadhaa ya umri wake.

Mwenye kubeba mzigo wa hali hiyo ni dereva. Wengi hawamiliki pikipiki wanazoziendesha. Hupeleka hesabu ya siku kwa tajiri, na kinachosalia ndicho chakula cha nyumbani. Tairi jipya linapohitajika, swali la kwanza huwa ni nani atalilipa. Katika mazingira hayo mtu akisema kwamba kopo moja la kimiminika cha bei ndogo litalirudishia tairi ujana, maneno yake hupata wasikilizaji. Makala haya hayakusudii kumlaumu dereva anayetafuta nafuu. Yanakusudia kueleza gharama iliyofichika ndani ya nafuu hiyo, ili watafiti na washauri wa sera wawe na msingi wa kuishughulikia.

2. Maumbile ya tairi na sababu za kuzeeka kwake

Tairi si mpira mtupu. Ndani yake mna nyuzi za nailoni au poliesta zilizopangwa kwa tabaka, na mdomoni mwake, pale linapokamata rimu, mna waya wa chuma. Mpira hufunika na kushikamanisha vitu hivyo. Nyuzi ndizo zinazostahimili msukumo wa upepo wa ndani. Mpira wa juu, wenye kashata, ndio unaoshika barabara. Na mpira wa ubavuni hukunjika na kunyooka mara nyingi katika kila kilomita. Nguvu ya tairi, kwa hiyo, imo katika mshikamano wa sehemu hizo zote, wala haimo katika sehemu moja peke yake.

Mpira wenyewe ni mchanganyiko. Una utomvu wa mti wa mpira na mpira wa viwandani, masizi ya kaboni yanayoupa rangi nyeusi na ugumu, mafuta yanayoulegeza, salfa, oksidi ya zinki, pamoja na kemikali za kinga dhidi ya oksijeni na ozoni. Mchanganyiko huo hupikwa kwenye kalibu yenye joto. Salfa hufunga molekuli ndefu za mpira moja kwa nyingine, mithili ya mishono inayounganisha vipande vya nguo. Ufundi huo ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1844 kwa jina la Charles Goodyear, na hadi leo ndio msingi wa tairi lolote. Bila vifungo vya salfa mpira hunata wakati wa joto na kukatika wakati wa baridi.

Kuzeeka kwa tairi ni mabadiliko ya mchanganyiko huo. Kwanza, oksijeni ya hewani huingia ndani ya mpira na kuukata au kuufunga upya pasipotakiwa. Pili, salfa iliyobaki huendelea kufunga vifungo vipya, na mpira huzidi kuwa mgumu. Tatu, mafuta na kemikali za kinga hupungua polepole kwa kuhama na kuvukiza. Nne, ozoni hushambulia uso uliovutika, na ndiyo husababisha zile nyufa nyembamba zinazoonekana ubavuni. Mambo haya yote huharakishwa na joto. Kwa kanuni ya jumla ya kemia, ongezeko la nyuzi 10 za Selsiasi hukaribia kuongeza maradufu kasi ya mmenyuko wa aina hii. Tairi linaloishi katika pwani ya ikweta, chini ya jua la mwaka mzima, huzeeka upesi kuliko tairi la aina hiyohiyo katika nchi ya baridi.

Ushahidi wa athari ya joto ni wa muda mrefu. Mamlaka ya Marekani ya usalama wa barabarani, NHTSA, ilieleza mwaka 2008 kwamba katika takwimu za kampuni moja kubwa ya bima, majimbo matano yenye joto yalikuwa na asilimia 27 ya wateja lakini yalitoa asilimia 77 ya madai yaliyohusu matairi. Kati ya madai hayo, asilimia 84 yalihusu matairi yenye umri wa zaidi ya miaka sita. Takwimu hizo ni za magari, lakini mpira wa pikipiki hufuata kemia hiyohiyo.

3. Kazi ya kemikali ndani ya mpira

Kulainisha tairi kwa kemikali hakukuanzia kwa bodaboda. Chimbuko lake linalojulikana zaidi ni mashindano ya magari madogo na ya njia za udongo, hasa Marekani, ambako mshindani hulilowesha tairi ili lishike njia vizuri zaidi kwa mizunguko michache. Tairi hilo halitarajiwi kuishi mwezi, na waandaaji wengi wa mashindano wamelipiga marufuku jambo hilo na hukagua matairi ili kubaini harufu na mabaki ya kemikali. Inafaa kulitafakari hilo: mbinu iliyobuniwa kwa tairi la saa moja imehamishiwa kwa tairi linalotakiwa kubeba abiria kwa mwaka mzima.

Vimiminika vinavyotumika vinaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni viyeyushi vyepesi kama petroli, thina, tolueni na zailini. Kundi la pili ni mafuta mazito zaidi, yaani mafuta ya taa, dizeli, oili ya injini na oili ya giaboksi. Kundi la tatu ni vitu vinavyosifiwa kuwa laini au vya asili, kama mafuta ya maganda ya machungwa, mafuta ya breki, na methili salisileti, ambayo ndiyo yenye ile harufu kali ya dawa za kuchua.

Kundi la kwanza na la pili hufanya kazi kwa njia moja. Molekuli za kiyeyushi hujipenyeza kati ya molekuli za mpira na kuzitenganisha. Mpira huvimba. Kipande cha mpira wa tairi kikiachwa katika tolueni kwa siku kadhaa huweza kunywa kimiminika kinachokaribia au kupita uzito wake chenyewe. Uvimbe huo ndio unaohisiwa na kidole kuwa ni ulaini. Katika kipimo cha ugumu kiitwacho Shore A, mpira wa kashata ulio mpya huwa takriban 60. Uliokauka hupanda kupita 75. Na uliolowekwa unaweza kushuka tena karibu na ule mpya. Anayetazama kipimo hicho peke yake angeamini kwamba tairi limepona.

Lakini vifungo vilivyokatwa na oksijeni havijaungwa tena, na ufa uliokwisha kuingia haujajiziba. Methali inayotuhimiza kuziba ufa mapema haina nafasi hapa, kwa kuwa dawa hii haizibi ufa. Hulivimbisha eneo lake mpaka ufa usionekane. Zaidi ya hayo, kiyeyushi chepesi hakikai. Kitavukiza ndani ya siku au wiki chache, na wakati wa kutoka huwa kimekwisha kuvuta nje sehemu ya mafuta na kemikali za kinga zilizokuwa zimesalia. Maabara za mpira hutumia viyeyushi kwa makusudi hayohayo: kuvuta vitu hivyo kutoka ndani ya mpira ili vipimwe. Kwa hiyo tairi lililoloweshwa na kukauka huwa na kinga ndogo kuliko lilivyokuwa kabla ya kutibiwa. Hugumuka tena, na safari hii upesi zaidi. Mwenye tairi huliona limerudia hali yake ya zamani, akalilowesha mara ya pili, na kila duru humwachia tairi dhaifu kuliko la duru iliyotangulia.

Mafuta mazito yana kasoro ya namna nyingine. Hayavukizi upesi, hivyo ulaini wake hudumu, lakini mpira hubaki umevimba na umepungua nguvu ya kustahimili mchano. Pia huuacha uso wa tairi ukiteleza, hasa linapokutana na matone ya kwanza ya mvua.

4. Hatari kwa dereva na abiria

Pikipiki inasimama juu ya magurudumu mawili, na eneo la kila tairi linalogusa barabara halizidi sana ukubwa wa kiganja. Gari lililopasuka tairi moja lina mengine matatu ya kulishikilia. Pikipiki haina akiba hiyo, na tairi la mbele likishindwa ghafla, dereva hana muda wa kufanya uamuzi. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu usalama barabarani, liliitaja Afrika kuwa kanda yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo, yaani 26.6 kwa kila watu 100,000. Katika mazingira hayo kila udhaifu wa chombo unaongezwa juu ya hatari ambayo tayari ni kubwa.

Udhaifu unaosababishwa na kemikali hujitokeza kwa njia kuu nne.

Ya kwanza ni kuachana kwa tabaka. Nyuzi za ndani hushikamana na mpira kwa gundi maalumu iliyopakwa kiwandani. Mpira unapovimba na nyuzi zisivimbe, hutokea mvutano kwenye mpaka wa vitu hivyo viwili. Kiyeyushi kikifika hapo kwa kupitia nyufa, mshikamano hulegea na tairi hutoa nundu. Nundu hiyo ndiyo mahali linapopasukia.

Ya pili ni joto. Mpira uliolegezwa kupita kiasi hukunjika zaidi na hutoa joto zaidi kila unapozunguka. Pikipiki iliyobeba abiria wawili au magunia, yenye upepo mdogo kwenye tairi, juu ya lami iliyochemka kwa jua la mchana, hukusanya joto hilo haraka. Joto hulegeza mpira, na mpira uliolegea huongeza joto.

Ya tatu ni mpira wa ndani. Matairi mengi ya pikipiki za kazi hutumia mpira wa ndani uliotengenezwa kwa butili, na butili huvimba sana inapogusana na petroli au mafuta ya taa. Mpira wa ndani uliovimba huwa mwembamba na mlegevu, na viraka vya pancha huachia kwa sababu gundi yake nayo huyeyuka katika vimiminika hivyohivyo. Upepo ukitoka ghafla, tairi huweza kuhama kwenye rimu.

Ya nne ni udanganyifu, na huenda ndiyo nzito kuliko zote kwa mtunga sera. Tairi lililolainishwa na kung'arishwa hufanana na tairi zima. Muuzaji akilipaka tairi lililokaa ghalani miaka minane, mnunuzi anayelibonyeza kwa kidole gumba hana namna ya kutambua. Kwa desturi kidole gumba ndicho kipimo cha maskini. Kemikali hukigeuza kipimo hicho kuwa shahidi wa uongo. Aliyefanya kitendo anajua tairi lilivyo, lakini anayelipanda, na mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni, hawajui.

5. Hatari kwa fundi na kwa walio karibu naye

Kazi ya kulowesha matairi hufanyika mikono mitupu, kwenye beseni au pipa lililokatwa, kando ya barabara au uani. Petroli ina kiasi cha benzeni, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mvuke wa tolueni huathiri ubongo: huanza na kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na kwa anayeuvuta miaka mingi hudhuru kumbukumbu na uwezo wa kusimama sawasawa. Heksani, iliyomo katika baadhi ya petroli na gundi, hudhuru mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Ngozi inayoguswa kila siku hupoteza mafuta yake, hukauka na kupasuka, kisha hupitisha sumu kwa wepesi zaidi.

Hatari ya moto ni ya papo kwa papo. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tolueni kwenye nyuzi 4 juu ya sifuri. Mafuta ya taa kuanzia takriban nyuzi 38, joto ambalo bati lililopigwa na jua la pwani hulipita kila siku. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kwenye jiko la mama lishe aliye hatua kadhaa mbali. Tairi lililonywa petroli likishika moto halizimiki kwa ndoo ya maji, na moshi wake hubeba masizi na kemikali zinazosababisha saratani.

Watoto wana hatari yao. Vimiminika hivi huhifadhiwa katika chupa za soda na za maji. Mtoto anayekunywa mafuta ya taa huweza kuyavuta mapafuni na kupata homa ya mapafu; kumtapisha huongeza hatari hiyo, ilhali kumtapisha ndilo jambo la kwanza watu wengi hukimbilia. Mafuta ya breki huharibu figo yakinywewa. Methili salisileti, ambayo harufu yake ya dawa huifanya ionekane haina madhara, ni kali mno: kijiko kimoja cha chai cha mafuta yake halisi kina nguvu inayolingana na takriban gramu saba za aspirini, kiasi kinachoweza kumuua mtoto mdogo.

6. Mwambao wa Kismayo na kisiwa cha Ngumi

Visiwa vya Bajuni ni mnyororo wa visiwa vya matumbawe unaoanza karibu na Kismayo na kushuka kusini-magharibi kuelekea Ras Kamboni, mpakani mwa Kenya. Ngumi ni mojawapo, pamoja na Koyama, Chovai na Chula. Wabajuni ni wavuvi na mabaharia, wasemaji wa lahaja ya Kiswahili cha kaskazini, na jamaa zao wako upande wa pili wa mpaka, Kiunga, Faza na Lamu. Kwa mtazamo wa haraka msomaji anaweza kuuliza: Ngumi ina uhusiano gani na tairi la pikipiki? Chombo cha Ngumi ni mashua, na njia yake ni bahari.

Uhusiano upo, na ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wa watu. Mkazi wa kisiwani anayekwenda sokoni, hospitalini au kuuza samaki hushuka pwani ya Kismayo, na kuanzia hapo yeye ni abiria wa bajaji au pikipiki kama mtu mwingine yeyote wa mjini. Hana uwezo wa kuchagua tairi.

Uhusiano wa pili ni wa maji. Upepo wa kaskazi unapovuma, kwa kawaida kati ya Desemba na Machi, mkondo wa Somalia hugeuka na kutiririka kuelekea kusini-magharibi, sambamba na pwani. Kinachomwagwa kwenye ufuo wa Kismayo msimu huo huelekea upande wa visiwa. Oili chafu na mafuta ya taa huelea. Hupaka mizizi ya mikoko, hufunika majani ya nyasi bahari wakati wa maji kupwa na hugusa mazalia ya samaki, kamba na kaa. Juu ya visiwa vyenyewe, maji matamu ya visima hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya chumvi ndani ya jiwe la matumbawe lenye matundu. Jiwe la namna hiyo halichuji. Kinachomwagika juu yake hufika kisimani.

Tairi nalo lina sumu yake hata bila kuloweshwa. Mojawapo ya kemikali za kinga zilizotajwa hapo awali ni 6PPD. Inapokutana na ozoni hugeuka kuwa kemikali nyingine, ambayo mwaka 2020 watafiti wa pwani ya Pasifiki ya Marekani waliibainisha kuwa ndiyo iliyokuwa ikiua samaki aina ya salmoni koho katika mito inayopokea maji ya barabarani. Ugunduzi huo umezifanya serikali kadhaa kuangalia upya kile kinachotoka ndani ya tairi. Funzo lake kwetu ni la kanuni: kiyeyushi kinachovuta kemikali za kinga kutoka kwenye mpira hakiziangamizi, huzihamishia ndani ya beseni, na beseni humwagwa mtaroni, na mtaro huishia baharini.

Hata hivyo pwani hiyohiyo imekuwa na matumizi mema ya tairi lililochoka. Katika magati ya mwambao wetu matairi hufungwa ubavuni mwa vyombo ili visigongane. Mafundi viatu huyakata na kushona makubadhi ya mpira yaitwayo akala Kenya na katambuga Tanzania. Vipande vya mpira wa ndani hutumika kama kamba za kufungia mizigo. Matumizi hayo hayahitaji kemikali, wala hayamkabidhi mtu yeyote roho yake kwa tairi bovu. Yanaonyesha kwamba tairi linaweza kupumzishwa barabarani bila kugeuka takataka papo hapo. Sharti ni moja: yasirundikwe wazi yakakusanya maji ya mvua, kwa kuwa humo ndimo huzaliana mbu wa Aedes, waenezaji wa homa ya dengi iliyozuka Mombasa mwaka 2013 na Dar es Salaam mwaka 2014.

7. Mapendekezo

Somalia ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Desemba 2023 na ikawa mwanachama kamili Machi 2024. Jumuiya hiyo imekwisha kukipokea Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi. Mambo haya mawili yanafungua nafasi ya kulishughulikia suala hili kikanda, kwa lugha ambayo dereva wa Mombasa, fundi wa Tanga na mvuvi wa Koyama wote wanaifahamu. Makala yanapendekeza hatua tano.

Kwanza, umri wa tairi utambuliwe kwa maandishi yake. Matairi mengi yanayoingia kanda hii yana herufi DOT ubavuni, na kwa yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 tarakimu nne za mwisho hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Dereva yeyote anaweza kufundishwa kuzisoma kwa dakika tano. Ukaguzi wa bandarini nao ukatae tairi lisilo na tarakimu hizo au lililozikwaruzwa.

Pili, ukaguzi wa barabarani utazame dalili ambazo kemikali haiwezi kuzificha zote kwa pamoja: umri, kina cha kashata, nundu na nyufa za ubavuni, pamoja na harufu ya mafuta na uso unaonata. Tairi lenye harufu ya mafuta ya taa lichukuliwe kuwa limekwisha, hata kama ni laini.

Tatu, kuuza tairi lililolainishwa bila kumweleza mnunuzi kuwekwe wazi katika sheria za viwango na za kumlinda mlaji kuwa ni udanganyifu. Vimiminika vinavyotangazwa kwa kazi hiyo viwe na onyo kwa Kiswahili na Kisomali. Alama ya fuvu au ya moto haitoshi kwa mtu ambaye hakufundishwa maana yake.

Nne, bei ishughulikiwe. Katazo lisiloambatana na nafuu litaihamisha kazi kutoka barabarani hadi uani, palipo na watoto. Nchi zilizoweza kupunguza kodi ya pikipiki zinaweza kupunguza kodi ya tairi lake. Vyama vya akiba na mikopo vya madereva vinaweza kununua matairi kwa jumla na kuyatoa kwa malipo ya kidogokidogo. Makubaliano kati ya tajiri na dereva yataje waziwazi nani anayenunua tairi na baada ya muda gani.

Tano, istilahi zisanifiwe kwa uangalifu. Matangazo ya biashara husema kemikali "hufufua" au "huponya" tairi. Vitenzi hivyo vina uzito mkubwa katika lugha yetu na humfanya msikilizaji aamini kwamba uhai umerudi. Vyombo vya kusanifu lugha na mamlaka za viwango zikubaliane kutumia "kulainisha" kwa kitendo hicho, na zitenge "kurekebisha" kwa kazi inayorudisha nguvu, kama vile kuweka kiraka kwa utaratibu unaokubalika. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ni tofauti kubwa ya maana, na maana hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atapanda au atashuka.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ugumu wa tairi kuukuu si ugonjwa wenyewe bali ni dalili yake. Kemikali huondoa dalili na kuuacha ugonjwa ukiendelea, huku ikiongeza madhara kwa mikono ya fundi, mapafu ya mtoto na maji ya pwani. Anayepata nafuu ya siku chache ni mwenye tairi. Wanaolipa ni wengi, na baadhi yao, kama watu wa Ngumi, hawana hata pikipiki. Kwa sababu hiyo suala hili haliwezi kuachwa liwe mapatano ya faragha kati ya dereva na fundi. Ni suala la viwango, la afya ya jamii na la lugha kwa wakati mmoja. Panapo uhaba wa fedha, jambo la kwanza ambalo serikali inaweza kulitoa bila gharama kubwa ni maarifa sahihi kwa maneno sahihi: kwamba tairi husomwa mwaka wake kabla ya kubonyezwa, na kwamba ulaini wake hautoshi kuthibitisha uzima wake.